Upande Wangu wa Zulia

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipowekwa kwenye kitanda cha kufumia mazulia, upande wa kulia, karibu na dirisha. Upande wa kushoto alikaa mama mmoja Mkikuyu aliyenizidi miaka kama kumi na mitano. Tulikalia benchi moja. Mbele yetu zilisimama nyuzi za katani, zimekazwa kutoka juu mpaka chini kati ya miti miwili minene ya mtarakwa, nasi tulipitisha sufu katikati yake, yeye nusu yake, mimi nusu yangu, kisha tukaigonga kwa vitana vizito vya mbao ili ishikamane. Nusu hizo mbili zilipaswa kupanda pamoja. Mmoja akimwacha mwenzake vidole vitatu ilimbidi angoje, la sivyo zulia lingepinda na lisingelala sawa sakafuni hata likanyagwe miaka kumi.

Shamba lilikuwa juu ya Njoro, mahali ambapo ukungu huondoka saa nne asubuhi na kurudi saa kumi jioni. Baba yangu alikuwa mkamuaji wa ng'ombe, alikuja kutoka Maragoli kabla sijazaliwa. Memsabu, mke wa mwenye shamba, alijifunza ufumaji kwao Ulaya, akamwagiza seremala wa Nakuru kile kitanda, akakiweka katika ghala la zamani lililokuwa likianikiwa maua ya pareto. Hata miaka ile, siku za mvua, harufu ya pareto ilitoka kwenye mbao na kutuwasha pua. Wanawake wanne walikaa nje juani wakichambua na kusokota sufu. Ndani tulifuma sisi wawili. Mazulia yetu hayakutiwa rangi. Rangi ilikuwa ile ya kondoo mwenyewe: nyeupe, kijivu, hudhurungi, nyeusi. Yalipelekwa kwenye nyumba za wazungu Nakuru na Naivasha, yakatandikwa mbele ya moto. Nyumbani kwetu tulilalia ngozi na magunia.

Hiyo ilikuwa miaka ya emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Wakikuyu wa mashambani walikuwa wanaondolewa. Lori linakuja, watu wanapewa muda wa kufunga masufuria na blanketi, wanapelekwa kambini Nakuru, na kutoka kambini wanarudishwa ukikuyuni, mahali ambapo wengine hawakuwa wamekanyaga tangu wazaliwe. Kwetu lori lilikuja mara mbili. Mume wa mwenzangu alikamatwa kabla ya hayo, na hakuna aliyejua yuko kambi gani ya kizuizini. Lori la pili liliwachukua mama mkwe wake na watoto wake wawili. Yeye alibaki. Akawa Mkikuyu wa pekee katika shamba zima, na nyumba za wenzake zikasimama tupu nyuma ya zizi, milango ikigongagonga kwa upepo.

Niliona kwamba amebaki kwa sababu memsabu anampenda. Sikujiuliza zaidi. Nilikuwa na jambo langu kubwa zaidi, nalo ni kasi ya mikono yangu.

Zulia lililokuwa kitandani lilikuwa kubwa kuliko yote tuliyowahi kufuma, refu kuliko watu wawili waliolala miguu kwa kichwa, na memsabu alilisubiri kwa hamu. Kila Jumamosi alikuja na kijiti alichokitia alama, akakisimamisha kwenye kazi na kupima tulipofika. Juma moja alikuta nusu yangu imepanda kuliko ya mwenzangu. Akanigusa bega.

"Wewe upesi sana," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Muzuri. Muzuri sana."

Sijawahi kusahau jinsi nilivyovimba. Alipotoka, yule mama hakugeuza uso. Alisema polepole, "Punguza mkono, mwanangu."

"Kwa nini, mama?"

"Kazi nzuri haitaki haraka."

Nikajua ananionea wivu. Wiki iliyofuata niliongeza bidii. Nilifika kabla yake, nikala mahindi yangu huku nafuma, na mara nyingi nilikaa mikono mapajani nikimtazama, nikimsubiri anifikie, nikihakikisha anaona kwamba namsubiri. Naandika haya kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya Alhamisi tulitumwa mtoni sisi wawili kuosha sufu. Maji yalikuwa ya baridi ya kukata vidole. Aliinama juu ya jiwe, akashtuka, akajishika ubavu na kukaa chini. Alikuwa amevaa koti kuukuu la mume wake siku zote, hata jua likiwaka, na mimi nilidhani ni baridi. Sasa koti lilifunguka. Nikaona tumbo lilivyo kubwa.

"Mama, uko karibu?"

"Wiki tatu. Labda mbili." Akatulia mpaka pumzi ikamrudia. "Keti hapa. Nilitaka usijue, kwa sababu asiyejua haulizwi. Lakini unanikimbiza, na mimi siwezi kukimbia tena."

Akaniambia. Lori la pili lilipokuja, jina lake lilikuwa kwenye orodha kama ya wengine wote. Memsabu alimwomba yule afisa amwachie mtu mmoja, kwa sababu zulia lilikuwa nusu na hakuna mwingine aliyejua ile michoro. Afisa alicheka, akakubali. Kisha memsabu alimwita yeye mwenyewe barazani na kumwambia wazi: zulia likiisha, unakwenda. Na kama utashindwa kufuma kabla halijaisha, siku hiyohiyo unakwenda, maana ruhusa ni ya mfumaji, si ya mtu anayelala nyumbani.

"Dada yangu alipita hapo kambini na mimba kama hii," alisema. "Walilala nje, mvua inawanyeshea. Alijifungua kwenye matope. Mtoto hakumaliza siku mbili."

Nikasema jambo la kijinga. "Lakini watoto wako wako huko ukikuyuni. Hutaki kwenda kwao?"

Alinitazama kana kwamba nimempiga.

"Unadhani sitaki? Kila siku nataka. Lakini nataka kwenda na huyu akiwa hai."

Tulibeba sufu kurudi, mimi nyuma, yeye mbele, na njia nzima nilikuwa nahesabu moyoni. Kwa mwendo wangu wa kujionyesha, zulia lilibaki na siku saba au nane.

Kesho yake nilianza kupunguza. Ni kazi ngumu kuliko unavyofikiri, kufuma polepole mbele ya watu wanaosikia. Nyapara wa shamba alikuwa na tabia ya kupita nje ya ghala na kusimama karibu na ukuta. Hakuchungulia. Alisikiliza. Vitana viwili vikigonga, alijua watu wawili wanafanya kazi, akaenda zake. Kwa hiyo ilitubidi tugonge bila kupanda. Tuligonga mstari mmoja mara tatu, mara nne, mpaka sufu ikakaza kama ubao. Kila nyayo zilipopita tuliinamisha vichwa na kugonga.

Jumamosi ya juma lililofuata memsabu akaja na kijiti chake. Akapima. Akapima tena.

"Sababu gani kazi hapana kwenda?"

Nilijua ni mimi ninayepaswa kujibu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesifiwa.

"Katani inakatika, memsabu. Tunafunga mafundo kila mara."

Akapitisha kiganja juu ya nyuzi, taratibu, kutoka upande wangu mpaka upande wake. Hakukuwa na fundo hata moja. Akasema Jumatatu ataleta mmoja wa wasokotaji akae mahali pa yule mama, nami nimwongoze, maana nimeshaijua michoro, na mimi ndiye mwenye mkono mwepesi.

Alipotoka, mama yule alishika kitana chake na kukigeuzageuza.

"Basi," alisema. "Wewe mwenyewe umemwonyesha kwamba mimi si wa lazima."

Hakulisema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angelisema kwa hasira.

Jumatatu asubuhi nilifika wa kwanza. Kwenye dirisha ulikuwa mkasi wa kukatia nyuzi, mkubwa, ule wa kunyolea kondoo. Nililiweka tumbo la kidole gumba cha mkono wa kulia kati ya makali yake, nikafumba macho, nikafumbua, nikabana. Damu iliruka juu ya sufu nyeupe kabla sijahisi maumivu. Msokotaji aliyekuja kufundishwa alinikuta nimeketi sakafuni, akapiga kelele.

Memsabu alinifunga kidonda mwenyewe. Hilo ndilo lililonitesa. Alinipeleka jikoni kwake, akaniosha, akanipaka dawa inayochoma, akanipulizia kidonda kama mama anavyompulizia mtoto, huku akisema, "Pole, pole, pole." Akasema nisifanye kazi mpaka Ijumaa. Na kwa kuwa hapakuwa na wa kumfundisha msokotaji, yule mama akabaki kwenye benchi.

Baba yangu jioni alinishika mkono akaifungua ile bendeji. Alitazama muda mrefu. Baba alikuwa ameshona na kuuguza ng'ombe maisha yake yote.

"Jeraha hili limekatwa na mtu anayetazama," alisema.

Mama alikuwa anakoroga ugali, mwiko ukasimama.

"Mimi sina kijiji kingine cha kuwapeleka," akaendelea. "Nikifukuzwa hapa, mifugo yangu inabaki kwa mzungu na nyinyi mnalala barabarani. Unasikia? Chochote unachokifanya, usinikate na mimi."

Akatoka. Ndipo nilipomwambia mama kila kitu. Mama alikuwa mkunga wa nyumba zetu. Nusu ya watoto wa shamba walipita mikononi mwake. Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu: tumbo limeshuka au bado?

Lilikuwa limeshuka. Ijumaa niliporudi kazini, mkono umefungwa kama kinu, niliona tangu asubuhi kwamba mwenzangu hakai sawa. Alifuma mstari, akasimama, akashika mti wa mtarakwa, akakaa. Kitu kama saa saba mchana, wasokotaji walipokwenda kula, alisema neno moja la Kikikuyu na maji yakashuka chini ya benchi.

Nilikimbia kumwita mama. Alikuja na debe la maji kichwani kama mtu anayepeleka maji kwa wafanyakazi. Tulimlaza nyuma ya kitanda cha kufumia, juu ya marobota ya sufu nyeupe iliyochaguliwa, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine laini. Mama akaniambia, "Wewe rudi kwenye kazi yako. Gonga."

"Peke yangu?"

"Gonga, nimesema."

Nikaketi. Nikashika kitana changu mkono wa kushoto. Kisha nikasikia nyayo za nyapara zikikata kona ya ghala, nikakumbuka anasikiliza nini. Nikachukua kitana cha mwenzangu kwa mkono ule mbovu. Nikagonga kushoto, nikagonga kulia, hiki kwanza na kile baadaye, bila mpangilio, kama wanavyogonga watu wawili. Kila pigo la kulia lilinipanda mpaka kwapani. Mbele yangu hapakuwa na sufu mpya. Nilikuwa nagonga zulia lililokwisha kugongwa.

Nyuma yangu mwenzangu aliuma kipande cha gunia. Hakulia, lakini kulikuwa na sauti ya pumzi, na kadiri ilivyopanda ndivyo nilivyogonga kwa nguvu. Nyayo zikasimama ukutani. Hazikuondoka.

"Huko ndani!" nyapara akaita. "Mbona mnagonga kama mnavunja nyumba?"

"Tunakaza, mzee!"

"Mwenzako yuko?"

"Yuko!"

"Aseme."

Niliacha kugonga, na kimya kile kilikuwa kosa, kwa maana katikati yake mtoto alilia. Sauti ndogo, kali, isiyoweza kuwa ya kitu kingine chochote.

Mlango ulisukumwa. Kabla hajaingiza mguu, mama yangu alikuwa ameshafika pale, mikono imejaa damu mpaka kwenye viwiko, ameinyanyua mbele yake.

"Humu mna uzazi," alisema. "Kama wewe ni mtu wa kuingia, ingia."

Nyapara alirudi nyuma hatua mbili. Alikuwa mtu mzima, mwenye wake na watoto, na nilimwona usoni kwamba anaona haya na anaogopa kwa wakati mmoja. Sikumchukia. Alikuwa ameambiwa chochote cha Wakikuyu kisipite bila kuripotiwa, na wanyapara wa mashamba ya jirani waliokaa kimya walikuwa wameshachukuliwa wenyewe. Akageuka, akashika njia ya nyumba kubwa.

"Anakwenda kusema," nikamwambia mama.

"Najua. Leta maji."

Mtoto alikuwa msichana. Mama alimfuta kwa sufu, akamfunga ndani ya koti la baba yake. Tukangoja. Hatukuwa na la kufanya ila kungoja. Wasokotaji walirudi, wakaelewa, wakakaa nje bila kuimba wala kusema.

Memsabu alikuja kabla ya chai. Alisimama mlangoni mpaka macho yake yakazoea giza la ndani. Kwanza aliyatazama marobota yake ya sufu, yaliyoharibika yote. Kisha akamtazama mwenzangu aliyelala juu yake. Kisha mtoto.

"Toto ya lini?"

"Ya leo, memsabu," mama yangu akajibu.

Akatembea mpaka kwenye kitanda cha kufumia. Zulia lilikuwa limebakiza kipande kisichozidi urefu wa mkono. Mtu yeyote aliyewahi kushika kitana angejua kwamba hiyo ni kazi ya siku nne. Akaniuliza, bila kunitazama, "Hii bado siku ngapi?"

Nilimwona baba amesimama mbali kwenye uwanja, kofia mkononi. Nilijua nikisema uwongo utakuwa juu yake pia.

"Wiki mbili, memsabu."

Alikuwa na kijiti chake mkononi. Akakiinua karibu na zulia, kana kwamba atapima, akakishusha. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Wiki mbili," akasema. Akatoka.

Mpaka leo sijui nimweke wapi mwanamke yule. Hakumfukuza mtu siku ile. Baba hakuguswa. Lakini pia hakuandika barua wala hakumpigia simu afisa kumwomba mwenzangu aachwe, na alijua njia ya kufanya hivyo kwa kuwa aliwahi kuifanya kwa ajili ya zulia.

Tulizitumia wiki zile mbili zote. Mtoto alilala ndani ya kikapu cha sufu chini ya benchi, na kila mara injini iliposikika ikipanda kilima, mikono ya mwenzangu ilisimama hewani mpaka sauti ipite. Lori la maziwa. Trekta. Gari la mganga wa mifugo. Siku ya tisa lilikuja gari la polisi, likakaa mbele ya nyumba kubwa muda wa kutosha kunywa chai, likaondoka. Mtoto alinyonya vizuri. Alianza kushika kidole ukimpa.

Siku ya mwisho tulipitisha mistari ya kumalizia, tukafunga ncha za katani mbili mbili. Mwenzangu alikuwa na haraka sasa kuliko mimi. "Maliza," alinihimiza. "Kungoja hivi sitaki tena. Nataka niwaone wale wengine." Tulikata nyuzi kwa pamoja, yeye kutoka kushoto, mimi kutoka kulia, na zulia likaanguka mbele yetu kwa kishindo kilichotushtua sote.

Lori lilikuja asubuhi iliyofuata. Mama yangu alimpa mwenzangu debe la unga na blanketi letu moja. Alipanda kwa nyuma, akapokea mtoto kutoka mikononi mwangu, askari akafunga mlango wa bodi. Nilitaka kusema nisamehe kwa ajili ya zile wiki za mwanzo, lakini dereva alikuwa ameshawasha gari. Yeye aliinamisha kichwa kumkinga mtoto na vumbi, kwa hiyo hatukuagana kwa macho.

Zulia lilikwenda kwa mwenyewe, sikuambiwa ni nani. Niliendelea na kazi hiyo mwaka mmoja zaidi, na msokotaji yule upande wa kushoto, halafu nikaolewa na mtu wa reli, nikahamia Njoro stesheni.

Hapo ndipo nilipomwona tena yule mama, mwishoni mwa miaka ya hamsini, watu walipokuwa wameanza kuruhusiwa kurudi kutafuta kazi. Alikuwa amekaa kwenye mzigo wake akisubiri gari moshi la kwenda Elburgon. Nilimjua kwa mabega. Yeye alinitazama mara mbili kabla ya kusimama.

"Kumbe ni wewe! Mama yako mzima?"

"Mzima. Na watu wako?"

"Wakubwa wako shule huko nyumbani, nimewaacha kwa bibi yao. Mume wangu alifunguliwa. Ametangulia, amepata kazi ya kukata miti." Akavuta kutoka nyuma ya mzigo msichana mwembamba, mwenye macho ya kutaka kujua. "Huyu je, unamjua?"

Nikampa msichana mkono. Akanieleza kambi ya Nakuru: siku kumi na moja, mvua karibu kila siku. Katika lori lao walikuwamo wanawake wengine wawili wenye mimba waliochukuliwa njiani, kutoka mashamba mengine. Kati yao hakuna aliyetoka na mtoto.

"Huyu alikuwa ameshashika nguvu," alisema. "Alikuwa analia mpaka askari wanatuambia tumnyamazishe."

Nikasema lile nililokuwa nalo. "Mama, zile siku za kwanza, nilikuwa nakukimbiza."

"Ulikuwa mtoto," alijibu, kisha akafikiri. "Nilikuchukia kidogo. Siku chache. Halafu nikawa na mambo mengine."

Tukacheka, na msichana akacheka kwa sababu sisi tunacheka. Nilimnunulia hindi la kuchoma kwa mwanamke aliyekuwa akiuza kando ya reli. Alilipokea kwa mikono miwili, akaanza kulitafuna kwa mstari kutoka ncha moja, bila kuruka hata punje, na gari moshi lilipoingia mama yake alimnyanyua yeye na hindi lake akampitisha mlangoni.